Mama Alianzia Msibani

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya, huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Tangu sekondari napenda riwaya. Zamu ya usiku, wagonjwa wakilala na kazi ikitulia, hufungua kitabu. Mwezi uliopita mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, alinikuta nikisoma, akasema mbele ya wenzangu kwamba nesi mwenye muda wa kusoma hadithi za uongo ana muda wa kusoma mwongozo wa tiba. Watu walicheka. Tangu siku hiyo najiuliza: kweli riwaya zinanifundisha kitu katika kazi hii, au najidanganya kwa sababu nazipenda? Wenzangu wawili wako tayari tusome pamoja. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na mfawidhi wako, maana nusu ya alichosema ni kweli. Mwongozo wa tiba lazima uusome, na uusome upya kila unapobadilishwa. Hakuna riwaya itakayokuambia dozi ya dawa ya malaria kali kwa mtoto wa kilo kumi. Mtoto akipatwa na degedege saa nane za usiku, anayetakiwa ni nesi anayejua dawa iko kabati gani na anayepata mshipa mara ya kwanza. Hilo tusibishane.

Nisichokubali ni kule kuziita hadithi za uongo na kuishia hapo. Nimetibu watoto kwa miaka zaidi ya thelathini. Makosa niliyofanya kwa kutojua dawa nayakumbuka moja moja. Niliyofanya kwa kutosikia nilichokuwa naambiwa ni mengi mno, na mengi sikuyajua hata yalipotokea. Nitakusimulia moja, kwa sababu ndilo lililonirudisha kwenye riwaya nilizokuwa nimeziacha shuleni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa daktari kijana katika hospitali moja ya Pwani. Asubuhi aliingia mama na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mtoto ana homa kali, amepatwa na degedege mara mbili, ana hirizi shingoni, nguo zinanuka moshi, alikuwa amefukizwa. Nikauliza kama tulivyofundishwa: “Mama, homa imeanza lini?” Akaanza: “Daktari, tangu tulipopata msiba…” Nikamkata. Nikamwambia sijamuuliza habari za msiba, nimeuliza homa imeanza lini. Akainamisha macho. “Juzi.” Nikaandika kwenye faili: homa siku tatu, degedege mara mbili, amecheleweshwa kwa mganga wa kienyeji. Kisha nikamgombeza mbele ya akina mama wenzake waliojaa kwenye benchi. Nesi alipokuja na sindano, mama aliushika mkono wa mtoto kwa nguvu hata tukalazimika kumbandua vidole. Nikasema ni mkaidi.

Mtoto aliwekewa dripu ya kwinini, akapona. Siku ya kuruhusiwa, mkunga mmoja mtu mzima wa wodi ile aliniita pembeni. Akaniambia ule msiba ulikuwa wa dada yake mtoto huyu. Siku arobaini kabla, binti wa miaka mitano alikufa kwa homa ileile mahali pengine, muda mfupi tu baada ya kuchomwa sindano. Wewe uliyesoma unajua alikufa kwa malaria. Lakini Pwani wapo watu wengi wanaoamini kwamba degedege huletwa na shetani anayekuja kwa sura ya ndege, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Ukoo mzima ulikuwa umemwambia mama huyu asilete mtoto wa pili hospitali. Alikwenda kwa mganga kama walivyotaka, kisha usiku akatoroka naye akaja kwetu. Huyo ndiye niliyemgombeza kwa uzembe.

Kama ningemwacha aanze alikotaka kuanzia, dakika mbili zingetosha. Ningejua kwamba nyumba ile imeshapoteza mtoto kwa ugonjwa huohuo, kwamba mwenye kauli kuhusu matibabu si yeye, na kwamba sindano ndiyo inayomtisha kuliko homa. Yote hayo ni habari za kitabibu, na hata mfawidhi wako angetaka ziandikwe kwenye faili. Zilikuwa ndani ya neno “msiba”, nami nikalifungia mlango.

Ndipo ninapokuja kwenye swali lako. Msomaji wa riwaya anayo tabia moja ambayo chuo chetu hakikunipa. Akifungua ukurasa wa kwanza akakuta mwandishi ameanza na jambo lisiloeleweka, hamkatizi. Anaamini kwamba mwanzo ule una sababu, anaubeba kichwani, anangoja. Sisi kazini tuna mwanzo wetu uliochapwa kwenye fomu: malalamiko makuu, yameanza lini, yamechukua muda gani. Ni mwanzo mzuri na umeokoa watu. Lakini mgonjwa naye ana mwanzo wake, na mahali anapoanzia ni dalili kama zilivyo dalili nyingine. Mzee anayeulizwa kuhusu kifua akaanza na mwaka aliostaafu, mjamzito anayeulizwa kuhusu mimba hii akaanza na ile ya kwanza, hawa hawajapotea njia.

Bibi zetu walilijua hili bila chuo. Msimulizi husema “Paukwa!” na hasogei hatua mpaka aitikiwe “Pakawa!” Ruhusa ya kusimulia inatolewa kwa sauti, na anayeitoa ni msikilizaji. Kwenye chumba cha daktari mgonjwa anasema paukwa yake na anaitikiwa na swali jingine. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Katika asilimia 69 ya mazungumzo hayo daktari alimkatiza mgonjwa kabla hajamaliza kueleza kilichomleta, na kwa wastani alifanya hivyo baada ya sekunde 18. Mimi kwa yule mama sidhani nilifika hata tano.

Sasa, usije ukamwambia mfawidhi kwamba sayansi imethibitisha riwaya huwafanya watu wawe na huruma. Atakushinda. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti wa David Kidd na Emanuele Castano uliosema kwamba kusoma kipande kifupi tu cha riwaya ya kifasihi kunamwongezea mtu uwezo wa kutambua hisia za wengine. Habari ilizunguka dunia nzima. Kisha watafiti wengine wakarudia jaribio lile, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba hawakupata matokeo hayo. Mimi mwenyewe nimefanya kazi na watu waliosoma vitabu vingi na wakawa wakali kwa wagonjwa, na nimefanya kazi na wahudumu wasiowahi kumaliza kitabu kimoja ambao wagonjwa waliwaombea dua. Kwa hiyo siahidi huruma. Ninachokiamini, kwa nilichokiona kwenye kikundi tulichoanzisha hospitalini miaka ya baadaye, ni kidogo kuliko huruma na kinafundishika: sikio linanolewa, na watu wa kazi moja wanapata mahali pa kusema yale ambayo kwenye raundi ya kuzungukia wagonjwa hayana nafasi.

Nikupe mfano wa kitabu kilichotushika kuliko vyote: Kifo cha Ivan Ilyich cha Lev Tolstoy, Mrusi, cha mwaka 1886. Ni kifupi, kama kurasa mia moja hivi. Nacho kinaanzia msibani. Mahakimu waliofanya kazi na marehemu wanasoma gazetini kwamba amekufa, na kabla ya huzuni linawajia wazo la nani atapandishwa cheo kwa nafasi ile kuwa wazi. Baada ya hapo ndipo Tolstoy anaturudisha nyuma kwenye maisha yake na ugonjwa wake. Tulikaa saa nzima kwenye kurasa hizo za mwanzo, maana kila mmoja wetu alikumbuka kitanda kilichobaki kitupu asubuhi na sisi tukaanza kuulizana nani wa kulazwa pale.

Mbele kidogo Ivan Ilyich anakwenda kwa daktari maarufu. Anataka kujua jambo moja: hali yangu ni ya hatari au sivyo? Daktari analiona swali hilo halifai. Kwake suala ni kama tatizo liko kwenye figo au kwenye kidole tumbo, anapima uwezekano wa hili na lile, anajieleza vizuri sana. Na Ivan Ilyich, ambaye ni hakimu, anagundua kwamba anatazamwa vilevile yeye alivyozoea kuwatazama washtakiwa kizimbani. Madaktari tuliokuwa kwenye kikundi tuliinama. Mmoja wetu alijaribu kumtetea yule daktari, akasema kwa kweli enzi zile vipimo havikuwepo, ataahidi nini? Alikuwa na hoja. Tulibishana wiki mbili.

Lakini aliyetufungua macho hakuwa daktari. Katika kitabu kile ndugu na matabibu wote wanamdanganya mgonjwa kwamba anaumwa tu, atapona akitulia. Asiyemdanganya ni Gerasim, kijana wa kijijini, mtumishi, ndiye anayemwaga choo chake. Mgonjwa anapata nafuu miguu yake ikiinuliwa, na Gerasim anakaa naye usiku akiwa ameiweka juu ya mabega yake. Anasema wazi kwamba sote tutakufa, kwa nini nione taabu kidogo kuwa kazi? Tulipofika hapo, mhudumu wa wodi mmoja, baba mtu mzima ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amekaa kimya karibu na mlango, akasema: “Gerasim anajua kwa sababu yeye ndiye anayebeba ndoo.” Kisha akatueleza kwamba mgonjwa wetu mmoja wa saratani, kila alfajiri akiogeshwa, humuuliza kama atarudi kwao akiwa hai. Sisi kwenye raundi tulikuwa tunamkuta anatabasamu na kusema hajambo. Tulikuwa tumekubaliana na ndugu zake kwamba asiambiwe. Mgonjwa alishajua, na alikuwa anatulinda sisi.

Unajua kwetu jinsi jambo hili lilivyo. Ndugu wanakusubiri nje ya chumba: “Daktari, tafadhali usimwambie mzee, atakata tamaa.” Siwalaumu, wanasema kwa mapenzi. Baada ya siku ile tulibadilisha kitu kimoja tu. Tulianza kumuuliza mgonjwa mwenyewe, mapema, kabla majibu hayajatoka: majibu yakija, ungependa tukueleze wewe, au tumweleze nani? Wengine walisema mwambieni mwanangu mkubwa. Wengine walitaka kusikia wenyewe, wote wakiwepo. Na mhudumu yule tukaanza kumuuliza kila asubuhi kabla ya raundi amesikia nini usiku. Hili mwongozo haukutukataza kamwe. Hatukuwa tumefikiria tu kwamba anayebeba ndoo ana taarifa.

Ndiyo maana nakwambia msisome nyinyi manesi watatu peke yenu. Mwiteni mhudumu wa usafi, mpokezi, mtu wa maabara.

Kuna faida nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili anaipata kirahisi, nayo ni sikio la mafumbo. Wagonjwa wetu hawasemi kama vitabu vya tiba. Mtu hasemi ana sonona, anasema ana mawazo mengi, au moyo umekuwa mzito. Mwanamke anasema chango linamsumbua, na ndani ya neno chango kunaweza kuwa na maumivu ya hedhi, kukosa mtoto, au ndoa yenye matatizo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na watu wa kule waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Litazame jina hilo kama unavyotazama jina la mhusika kwenye riwaya. Linakuambia ugonjwa ulionekana kwa akina nani kwanza na ulikuwa ukisafiri na nani. Wananchi walikuwa wameshaandika ripoti yao kwa neno moja. Albert Camus naye, katika riwaya yake ya mwaka 1947 kuhusu tauni katika mji wa Oran, Algeria, anaanzisha mkasa na daktari kukanyaga panya mfu kwenye ngazi. Mlinzi wa jengo anashikilia kwamba humu hamna panya, huyu kaletwa na watu. Aliyefanya kazi kwenye kituo chochote siku za kwanza za mlipuko anamjua mlinzi huyo.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, nadhani umeisoma. Isome tena sasa ukiwa nesi. Msichana wa Ukerewe, baba yake Zakaria ni mlevi na mkali, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akifika mbali na nyumbani, kwenye chuo cha ualimu Morogoro, hajui kuishi bila fimbo wala hajafundishwa chochote kuhusu mwili wake. Mimba, kutoa mimba, na mwisho wake unaujua. Usiku analetwa binti wa miaka kumi na saba anavuja damu, na kwenye rejista tunaandika mimba imeharibika. Ni sahihi, na matibabu ni yaleyale. Muuguzi mmoja kijana aliyeisoma nasi alisema jambo ambalo sijalisahau: kwamba zamani alidhani mabinti hawa wanaangalia mlango kwa sababu ya jeuri, hawataki kumsikiliza. Alipomsoma Zakaria akaelewa kwamba wanatazama kama baba anaingia. Akaanza kuvuta pazia kwanza, halafu ndipo anauliza maswali. Walimjibu.

Nikuonye jambo moja kabla sijakueleza namna ya kuanza. Mtu akinogewa na riwaya anaweza kumgeuza mgonjwa kuwa mhusika. Anaona binti anavuja damu, anasema huyu ni Rosa, na hapohapo anaacha kumsikiliza kwa sababu hadithi yake anadhani anaijua. Hilo ni kosa langu lilelile la yule mama wa Pwani, limevaa nguo nyingine tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Riwaya inakuazima kitanda kwa usiku mmoja, lakini ni cha mtu mwingine, si cha huyu aliye mbele yako.

Namna ya kuanza ni rahisi. Mara moja kwa mwezi, saa moja, baada ya zamu ya asubuhi. Watu sita hadi wanane wanatosha. Msingoje kila mtu awe na nakala. Nakala moja ya maktaba ya mkoa inatosha mkisoma kwa sauti kwa zamu, na nakushauri msome kwa sauti hata kama mnazo nane, kwa sababu anayesikia kitabu anafanya kazi ileile anayoifanya kwa mgonjwa. Kurasa kumi kwa kikao, zisizidi. Wa cheo cha chini aseme kwanza; daktari akianza kusema, wengine watakubaliana naye na kikao kimekwisha. Na wekeni mwiko mmoja: hakuna kumpa mhusika utambuzi wa ugonjwa. Mtu wa afya akichoka kusikiliza hukimbilia kutaja ugonjwa, hata kwenye riwaya.

Mkishazoea, ongezeni daftari. Wazo hili ni la Rita Charon, daktari wa magonjwa ya ndani wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyekwenda kusomea fasihi hadi shahada ya uzamivu akiwa tayari ni daktari, na mwaka 2000 akaanzisha pale chuoni programu ya tiba simulizi, yaani tiba inayoanza kwa kusikiliza hadithi ya mgonjwa. Wanafunzi wake huandika kwenye faili la mgonjwa yanayotakiwa kuandikwa, kisha pembeni, kwa lugha ya kawaida, wanaandika yale yasiyoruhusiwa kwenye faili: mgonjwa huyu ananikumbusha babu yangu, namkasirikia, nilishindwa kumtazama usoni. Halafu wanasomeana. Nyinyi fanyeni hivyo bila jina la mgonjwa, bila namba ya faili, bila jina la kijiji, na daftari lisibaki wodini. Kituo cha afya ni kidogo, kila mtu anamjua kila mtu. Kinachosemwa pale kiishie pale.

Na mfawidhi akisema tena kwamba watu wa tiba hawana muda wa hadithi, mtajie kwa heshima Margaret Ogola. Alikuwa daktari wa watoto Nairobi, akaongoza makao ya yatima wenye virusi vya UKIMWI, na pamoja na udaktari wake akaandika The River and the Source, riwaya iliyotoka mwaka 1994, ikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika, na ikasomwa na wanafunzi wa sekondari wa Kenya kwa miaka mingi. Mtajie pia Yusuf Dawood, mpasuaji wa Nairobi, aliyeandika safu yake ya visa vya wagonjwa kwenye gazeti la Sunday Nation kwa miongo kadhaa huku akiendelea kupasua.

Kitabu cha kwanza kiwe Rosa Mistika. Ni chembamba, ni Kiswahili, na hakuna mtu kituoni kwako asiye na la kusema juu ya baba yake Rosa. Kikao cha kwanza msiulizane kitabu kinafundisha nini. Ulizaneni swali moja tu: kwa nini mwandishi ameanzia hapa? Kisha kila mmoja amkumbuke mgonjwa mmoja wa wiki hiyo na aseme alianzia wapi alipoulizwa anaumwa nini. Mfawidhi mwalike, umpe yeye asome kwa sauti kurasa mbili za kwanza.

Zamu ya usiku, zungukia vitanda vyote, hakikisha dripu zinakwenda, ndipo ufungue kitabu chako. Ukimaliza kikao cha kwanza niandikie, unieleze yule atakayekaa kimya karibu na mlango alisema nini.